Mtu mzima afunzwe kutoa pumzi kwanza, mikono baadaye

Watu wazima wakija kwangu kujifunza kuogelea swali lao ni moja, "kocha, kwani mimi sijachelewa?" Nawatajia Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Huyu alijifunza ukubwani, miezi michache tu kabla ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, kwenye puli ndogo ya hoteli, na huko baharini wavuvi wakimwelekeza, yaani puli ya mita 50 aliiona mara ya kwanza hukohuko Sydney! Wenzake wawili kwenye hiti, yaani mbio za mchujo, wakatolewa kwa kuruka mapema, akaogelea mita 100 peke yake, dakika 1 na sekunde 52.72. Kwa mashindano hayohayo Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi aliweka rekodi ya dunia ya mita 100 hizohizo, sekunde 47.84.

Watu walicheka sana ile video ya mbio za Moussambani. Mimi nawaambia wanafunzi wangu waitazame vizuri, manake mita 50 za kwenda alienda, shida ikaja za kurudi, na shida hiyo ndiyo naiona kila wiki hapa Mombasa.

Iko hivi. Kifua kina hewa kwa hivyo chaelea, miguu ni mizito yazama. Mtu akiingiwa na hofu anainua kichwa, kichwa kikipanda kiuno chashuka, sasa anasukuma maji kwa mwili mzima na hasongi, na muda wote huo amebana pumzi. Ule moto kifuani mara nyingi si kwamba oksijeni imekwisha, ni kaboni dioksaidi imejaa hajaitoa, alafu akigeuza uso avute hewa mpya nafasi hakuna, anavuta kidogo, anapaniki, anasimama.

Ndo maana kwangu mikono yangoja. Twaanza maji ya kifuani, shika ukingo, uso ndani, toa mapovu puani polepole mpaka mwili utulie wenyewe. Kuna mtu mzima humchukua siku nyingi hapo na mimi simharakishi hata kidogo. Tyubu za hewa za kukodi pale ufuo wa Pirates sizipendi kwa kujifunzia, zakuzoesha kukaa wima, na kuogelea ni kulala juu ya maji. Na kina mama, nguo ya kujisitiri iwe ya kitambaa cha kuogelea, pamba ikilowa yavuta chini.

Moussambani hakuachia hapo, aliendelea na mazoezi akashuka chini ya dakika moja, Athens 2004 akaikosa kwa mambo ya viza, na 2012 akawa kocha wa timu ya taifa lao. Mimi kocha kama huyo namwamini sana kwa watu wazima, manake aliyeogelea tangu utotoni hata hakumbuki pumzi alijifunza vipi.

Baharini twaenda baadaye, maji mafu, bahari ikijaa na kupwa kidogo, si bamvua ikijaa na kupwa sana, na upepo wa kusi ukichafua bahari twabaki puli.