Wanajeshi kwenye lori wanaohadithiana Ureno

Mimi naongoza maigizo, na kikundi kipya kikianza mazoezi huwa nawaonyesha muvi ya mwongozaji Mreno Manoel de Oliveira ya mwaka 1990, Non, ou a Vã Glória de Mandar. Ni muvi ya vita lakini vita yenyewe inachelewa sana, kuna wanajeshi wa Kireno wa enzi za vita vya ukoloni wamekaa nyuma ya lori porini huku Afrika wanaulizana tumekuja kufanya nini, na luteni wao Cabrita, msomi wa historia, anawajibu kwa kuwahadithia Ureno ilikotoka.

Mtu wa jukwaani anaijua hali hiyo fasta, ndio zile siku za kusoma skripti kabla hamjasimama, hamna maleba, mnabishana tu huyu mtu anafanya hivi kwa nini.

Halafu wale wale wa kwenye lori wanageuka watu wa kale! Luís Miguel Cintra anayecheza Cabrita ndiye pia Viriato, kiongozi wa Walusitani, watu wa kale wa upande wa Ureno, aliyeuawa mwaka 139 kabla ya Kristo na watu wake waliohongwa na Warumi, na ndiye tena mpiganaji wa vita vya Alcácer Quibir kule Moroko, tarehe 4 Agosti 1578, mfalme Sebastião wa Ureno alipopotea na jeshi lake, miaka miwili mbele Ureno ikaangukia kwa mfalme wa Hispania mpaka 1640. Mwigizaji mmoja kubeba watu watatu ni kawaida stejini, na Cintra katokea huko, alianzisha Teatro da Cornucópia pale Lisbon mwaka 1973 na Jorge Silva Melo, udikteta bado upo na maigizo yanapitia kwa wakaguzi wa serikali. Ila hapa sura ile ile ikirudi ndio inakuwa siasa. Utawala wa dikteta Salazar ulijisifia mabaharia na himaya, Oliveira yeye anafuata vipigo, na aliyepigwa 1578 ana uso wa anayepigwa Afrika. Cabrita anajeruhiwa, anakufa hospitali tarehe 25 Aprili 1974, siku udikteta unaanguka. Hotuba ya nini tena hapo?

Kuna sehemu simkubalii Oliveira kabisa. Safari za kina Vasco da Gama anazionyesha kupitia kisiwa cha mapenzi cha kwenye utenzi wa Camões, mshairi wa Kireno, kama zawadi ya Ureno kwa dunia, wakati Kilwa na Mombasa ziliporwa na meli za Francisco de Almeida mwaka 1505. Na Waafrika humo ndani hawana lori lao la kuongelea.

Kwa hiyo zoezi ninalowapa waigizaji ni hilo, watunge lori la pili, wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, waliofunzwa Nachingwea kusini mwa Tanzania, wako njiani kuelekea Msumbiji, mmoja wao kasoma historia, wenzake wanamuuliza maswali. Sharti ni moja tu, kila atakayekaa humo acheze pia mtu wa Kilwa ya 1505.