Hiyo ndege mnayoisifia inapima povu

Juzi tena, kijiweni Mikindani, kahawa hata sijainywa: "Mwalimu, nyie wa hali ya hewa mnabahatisha na picha za mawingu. Wamarekani wanaingia na ndege mle mle ndani ya kimbunga, wanaupima upepo wenyewe!" Wimbo huu nausikia tangu Aprili 2019, tulipowahamisha watu hapa Mtwara na kimbunga Kenneth kikaenda kushukia Cabo Delgado, Msumbiji. Leo naandika, atakayeniuliza tena nimtumie asome.

Ndege hupita kama mita 3,000 juu. Upepo wa huko inaupima vizuri, sina ugomvi. Ila paa lako haliko mita 3,000. Tunaoutaka ni upepo wa mita 10 juu ya maji, na huko rubani hashuki ng'o. Basi huchukua asilimia 90 ya upepo wa juu, wakasema ndio wa chini. Asilimia hiyo ni wastani wa vipimo vingi vya karibu na jicho la kimbunga; kimbunga kilicho mbele yako hakilazimiki kuufuata.

Dropsondi, kifaa kidogo cha kupimia kinachoachiwa kutoka ndegeni, ndiyo ninayoiamini zaidi. Inadondoshwa na kiparashuti chake, GPS ndani, inatuma upepo hadi inazama. Lakini inapita sehemu moja, mara moja. Ikiangukia kwenye dharuba ya sekunde chache, namba inapaa. Ikiikosa, kimbunga kinaonekana mpole. Ndiyo maana huchukuliwa wastani wa mita 150 za mwisho, kisha ukakokotolewa kushuka hadi mita 10.

Sasa kinachoniudhi: radiometa ya mikrowevu, kifaa cha ndegeni kinachopokea mikrowevu (aina ya mawimbi ya redio) zinazotoka baharini. Watu husema inapima upepo wa baharini. Haipimi! Inapima povu. Upepo ukizidi, povu linazidi, na bahari yenye povu hutoa mikrowevu nyingi zaidi. Hesabu ndiyo inayogeuza povu kuwa upepo. Mvua nayo hutoa mikrowevu, kwa hiyo hutumika masafa (frikwensi) sita ya mawimbi hayo ili kuitenganisha. Kwenye maji mafupi ndiko kwenye kasheshe. Mvuvi yeyote wa Msimbati anajua mwambani kuna povu hata siku ya shwari, kwa sababu wimbi limegusa chini likavunjika. Radiometa haina habari na mwamba. Yenyewe imeona povu, basi. Na kwenye vimbunga vikali mno imeonekana kuzidisha, ikilinganishwa na dropsondi.

Kimbunga Michael kilipoipiga Florida Oktoba 2018, ndege zilikuwemo mle ndani, na bado namba ilibadilika. Ikatajwa kilomita 250 kwa saa. Aprili iliyofuata, baada ya mapitio, ikawa 257, na kimbunga kikapanda daraja la tano, la juu kabisa.

Halafu kuna wanaolinganisha namba za Florida na za La Réunion, kituo kinachotabiri vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi, bila kuuliza wastani wa dakika ngapi. Wamarekani hutumia dakika 1, La Réunion dakika 10. Upepo uleule, baharini, wa dakika 1 hutoka mkubwa kwa karibu asilimia 7.

Sijitetei. Huku kwetu hakuna ndege zinazoingia vimbungani kila msimu, tunaishi na Dvorak, mbinu ya kukadiria nguvu za kimbunga kwa kutazama picha za satelaiti, na Dvorak ni jicho la mtu. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, mimi na mwenzangu wa zamu tulitazama picha ileile tukapishana nusu T, yaani nusu alama kwenye kipimo cha Dvorak. Kila mmoja alikuwa na hoja, na mpaka leo sioni yangu ilizidi wapi.

Hata tungeletewa ndege, ningekuwa na shaka na ile asilimia 90. Hidaya kilifika Mafia kikiwa kinanyong'onyea, na kimbunga kinachofifia upepo wake wa juu na wa chini huachana kwa namna yake.