Kujulikana si kuwa salama

NSRL, hifadhidata ya Marekani ya mafaili ya programu zinazojulikana, si orodha ya mafaili salama. Nimechoka kusoma ripoti za uchunguzi zenye sentensi ile ile: "faili limo NSRL, hivyo halina madhara."

NIST, taasisi ya viwango ya Marekani inayoitunza, hukusanya programu zilizokwisha kusambazwa, huzifungua na kukokotoa heshi ya kila faili, yaani msimbo mfupi unaolitambulisha kama alama ya kidole. Heshi ya faili unalochunguza ikilingana na mojawapo, umethibitisha asili tu: faili hili, baiti kwa baiti, limo kwenye programu fulani. Zana za udukuzi nazo zimo, na za kuficha ujumbe ndani ya picha pia. Kitambulisho hata mwizi anacho.

Tena faili safi kabisa hutumika vibaya. Heshi ya powershell.exe, programu ya amri ya Windows, italingana vizuri sana huku mtu akiitumia kushusha kirusi. Heshi hukwambia faili ni lipi; haikwambii nani alilifungua wala lilifanya nini. Kwa hiyo mafaili yanayojulikana yafiche kwenye mwonekano, usiyaondoe kwenye kesi. Halafu tazama njia, yaani mahali faili lilipokaa, kwa sababu jina na folda havimo kwenye heshi: svchost.exe halisi, faili la mfumo wa Windows, lililokutwa kwenye folda ya vipakuliwa lina maswali ya kujibu.

Wengine hugeuza: halimo, basi ni hasidi. Jamani! Logi (kumbukumbu za matukio), faili la usanidi, faili lililookolewa likiwa limekatika mkia, yote hayo hayatalingana na chochote. Biti moja ikibadilika, heshi nzima imebadilika.

Usipopata hata faili moja linalolingana, shuku kazi yako kwanza. Hesabu tarakimu za heshi kwa aina yake: MD5 ni 32, SHA-1 ni 40, SHA-256 ni 64. Angalia kama orodha imeandikwa kwa herufi kubwa na zana yako inatoa ndogo. Na d41d8cd98f00b204e9800998ecf8427e ni MD5 ya faili tupu, usiishangilie.

Ndiyo, MD5 ilivunjwa 2004 na SHA-1 ikafuata 2017, lakini kilichoonyeshwa ni mtu kutengeneza mafaili mawili tofauti yanayogongana, yaani yenye heshi moja. Kubuni faili lilingane na heshi iliyopo tayari ni shughuli nyingine, ngumu mno. Tumia SHA-256 hata hivyo. Wakili hatakusubiri umweleze tofauti.

Ninalotilia shaka ni kama kuchuja kwa NSRL peke yake bado kunaokoa muda wa maana kwenye mashine inayosasishwa kila mwezi. Mara nyingi naamini zaidi heshi zilizokokotolewa kutoka usakinishaji safi wa toleo lile lile, mradi masasisho yake yawe yale yale.