Je, wajua kwa nini mwaka 2022 Watanzania walikuwa milioni 61 na pia milioni 65?

Julai 2022 Umoja wa Mataifa ulitoa makadirio yake: Tanzania ina watu wapatao milioni 65.5. Mwezi uliofuata tukahesabiwa, na sensa ikaleta 61,741,120. Pengo hilo linazidi watu wote wa Mkoa wa Tabora, ambao sensa hiyohiyo iliwahesabu 3,391,679. Vijiweni wapo waliosema lazima kuna anayedanganya. Hakuna.

Namba ile ya Julai haikutokana na kuhesabu watu. Wataalamu walichukua takwimu za nyuma, hasa sensa ya 2012, wakajumlisha waliozaliwa na waliohamia, wakatoa waliokufa na waliohama. Ukikadiria uzazi juu kidogo tu, miaka kumi baadaye kosa limekuwa la mamilioni. Sensa yetu nayo ina kanuni zake. Huhesabu waliolala nchini usiku mmoja, raia na asiye raia.

Usiku wenyewe ulikuwa wa kuamkia Agosti 23. Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache uandame, yaani giza zuri la kuvulia dagaa. Sasa simama mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma usiku kama huo: taa za wavuvi zimetapakaa ziwani na vitanda vyao nyumbani ni vitupu. Mvuvi amelala wapi? Kanuni inasema aliyekesha kazini huandikwa kwenye kaya yake, basi mkewe humtaja na karani humwingiza kwenye kishikwambi. Nchi nyingine huhesabu watu kwa makazi yao ya kawaida, popote walipolala usiku huo. Ukiweka namba za nchi za aina hizo mbili kwenye jedwali moja bila maelezo, umelinganisha vitu viwili tofauti.

Mfano unaonigusa zaidi uko Ulyankulu, mkoani Tabora. Warundi waliokimbilia huko mwaka 1972 walikaa miongo kadhaa wakihesabiwa kama wakimbizi. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Nyumba ni zilezile, mashamba ni yaleyale, lakini kwenye takwimu za wakimbizi namba imeporomoka. Mtu wa Geneva, makao makuu ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, asiyepewa maelezo ya hapo angedhani umati mzima umerudi Burundi. Kambi ya Nyarugusu nayo ina mtego wa aina yake: mkimbizi yumo kwenye daftari la UNHCR, na kwa kuwa amelala nchini, sensa nayo inamhusu. Anayejumlisha hesabu hizo mbili bila kuuliza amemhesabu mtu mmoja mara mbili.

Ndiyo maana nasema namba isisafirishwe bila maelezo yake: ilikusanywa lini, ilimhesabu nani, ilimwacha nani. Kila mwaka Umoja wa Mataifa hutuma madodoso kwa ofisi za takwimu za nchi ili kuandaa kitabu chake cha takwimu za watu, ambacho toleo la kwanza ni la 1948. Mashirika mengine nayo huomba takwimu kwa fomu zao, na afisa yuleyule hujaza jambo lilelile upya. Mwaka 2001 taasisi saba za kimataifa, Benki ya Dunia ikiwemo, zilianzisha utaratibu uitwao SDMX: kila namba hubeba misimbo ya mwaka, eneo, jinsia na kipimo, kisha kompyuta za mashirika huisoma moja kwa moja kutoka nchi husika. Nchi huandaa mara moja, wote wakachota hapo. Kwangu huu ndio msaada mkubwa kuliko semina nyingi, mradi ofisi iwe na watu wa kuuendesha.

Lakini kompyuta haiwezi kutuma kisichoandikwa. Kati ya sensa na sensa, habari za kweli zingetoka kwenye vizazi na vifo. Uandikishaji wa watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ulioanza Mbeya mwaka 2013, umesaidia sana. Vifo bado ni shida: wengi wanazikwa kijijini na hakuna karatasi inayofika wilayani. Kichanga aliyezaliwa nyumbani huko Uvinza, akafariki wiki ileile, hatakuwepo kwenye kishikwambi cha karani wa sensa ijayo. Wakadiriaji wa Umoja wa Mataifa kule New York wanaweza tu kumkisia.