Kwa nini tunaomba kinyama kwa mara ya pili

Kila Oktoba, kampeni ya saratani ya matiti inapopamba moto, malalamiko nayo huongezeka. Mwaka huu linalojirudia zaidi ni hili: mama alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kwenye shughuli zake, baada ya miaka kadhaa ugonjwa umejitokeza kwenye ini au kwenye mifupa, na daktari anataka kinyama kingine, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara. Ndugu wanauliza kwa nini wagharamie kipimo ambacho majibu yake yamo kwenye faili. Wengine wanakataa kabisa, kwa kuwa wameambiwa saratani ikiguswa na sindano "inaamka".

Naandika kwa upande wa maabara ya patholojia, inayosoma vinyama hivyo chini ya darubini. Uamuzi kuhusu tiba ya mgonjwa yeyote unabaki kwa daktari anayemhudumia, na makala haya hayachukui nafasi yake. Lakini swali la ndugu ni la haki na linastahili jibu kamili.

Majibu yaliyo kwenye faili yanaeleza seli zilizokuwepo siku ile. Uvimbe wa sentimita 1 huwa na seli mamia ya milioni, pengine kufikia bilioni, nazo hazifanani. Kila seli inapogawanyika hunakili vinasaba vyake, na seli ya saratani hunakili kwa makosa mengi kuliko seli ya kawaida. Makosa mengi huiua. Machache huipa nguvu.

Katika titi tunatafuta hasa vitu viwili. Cha kwanza ni vipokezi vya homoni, hasa vya estrojeni. Homoni ikishikana na kipokezi ndani ya kiini cha seli, jeni za kugawanyika huwashwa. Tamoksifeni, dawa ya tiba ya homoni, hukaa mahali pa estrojeni ili kipokezi kisipate amri hiyo. Cha pili ni protini iitwayo HER2, inayokaa kwenye utando wa seli. Seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni yake. Katika baadhi ya saratani nakala huongezeka mno, protini hujaa kwenye utando, na amri ya kugawanyika haikomi. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba wanawake wenye nakala nyingi za jeni hii ugonjwa wao ulirudi mapema na waliishi muda mfupi zaidi. Dawa inayoishambulia HER2, trastuzumabu, iliidhinishwa huko mwaka 1998, na tangu 2015 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Vipimo hivi hutegemea sana namna kinyama kilivyohifadhiwa, na hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu mara nyingi ndugu ndio wanaokibeba. Kiingizwe kwenye fomalini (kimiminika cha kuzuia kinyama kisioze) ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini. Fomalini iwe nyingi, angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kopo liwe na mdomo mpana, na jina liandikwe ubavuni, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kikae humo kati ya saa 6 na saa 72. Kisiwekwe kwenye maji, kwenye spiriti wala kwenye barafu. Tunapofungua kopo lililojazwa maji ya chumvi na kusafiri kwenye basi usiku kucha, tunakuta kipande kilicholegea, cha kijivu, chenye harufu. Chini ya darubini mipaka ya seli imepotea. Hapo hatuandiki majibu ya kubahatisha. Tunaandika kwamba sampuli haifai, na mgonjwa anarudi kuchomwa upya. Fomu isiyo na jina kamili, umri, upande wa titi na tarehe ya kutolewa kinyama nayo husimamisha kazi mpaka ikamilishwe.

Kikiwa salama, tunasoma. Viini vikionyesha kipokezi cha estrojeni kwa asilimia 1 au zaidi, mgonjwa anaweza kufaidika na tiba ya homoni. HER2 tunaipa alama kuanzia 0 hadi 3. Alama 3 inatosha kusema ipo kwa wingi. Alama 2 haitoshi, na lazima jeni yenyewe ihesabiwe kwa kipimo kingine. Kwa hiyo ukiambiwa "subiri kipimo cha pili", hakuna anayekuzungusha.

Sasa hili la kuamka. Seli ya saratani haisubiri sindano. Hupoteza protini zinazoishikamanisha na jirani zake, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha utando unaoizunguka, kisha huingia kwenye mishipa ya limfu na ya damu. Nyingi hufia njiani. Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari wa upasuaji wa London, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona kwamba ugonjwa haukwenda kokote tu: alizifananisha seli na mbegu, zinazoota pale tu udongo unapozikubali. Mfupa ni udongo wa namna hiyo. Seli za titi zikifika huko huchochea seli zinazomeng'enya mfupa, na mfupa ukimeng'enywa huachia kemikali za ukuaji zinazozilisha seli zilezile za saratani. Ni kweli seli chache huweza kusogezwa kwenye njia ya sindano, lakini haijaonekana kwamba wagonjwa wa saratani ya matiti waliochukuliwa kinyama kwa sindano hufa zaidi kwa sababu hiyo. Anayekaa na uvimbe mwaka mzima, akachukuliwa kinyama mwezi wa kumi na mbili na kuambiwa umesambaa, mwaka ule ndio uliomwumiza. Tumelisema hili kwa miaka mingi, na bado kuna watu wazima wenye elimu wanaowazuia mama zao kupimwa. Inasikitisha sana.

Na usugu wa saratani kwa dawa? Dawa inapoua seli zinazoisikia, zile zisizoisikia hubaki na nafasi. Baadhi hutengeneza pampu kwenye utando wao zinazotapika dawa za tibakemia nje. Nyingine hupata badiliko kwenye jeni ya kipokezi cha estrojeni, kikabaki kimewaka hata pasipo homoni. Hili tunalikuta zaidi kwa waliotumia muda mrefu dawa za kuzuia mwili kutengeneza estrojeni, kama anastrozoli na letrozoli. Nyingine huacha kutumia kipokezi kabisa. Uvimbe wa kwanza ulikuwa na vipokezi, uliorudi hauna. Au HER2 haikuwepo, sasa ipo. Kumtibu mama huyu kwa karatasi ya zamani ni kumpa dawa isiyo na kazi, na pengine kumnyima iliyo na kazi. Ndiyo maana daktari anaomba kinyama pale uvimbe uliorudi unapofikika kwa usalama.

Wapo pia wanaoacha tamoksifeni kwa kuwa wanajisikia vizuri. Kidonge hicho humezwa kila siku kwa miaka 5, na utafiti wa ATLAS uliochapishwa mwishoni mwa 2012 ulionyesha kwamba kwa wenye vipokezi vya estrojeni, miaka 10 ilipunguza zaidi kurudi kwa ugonjwa na vifo. Kujisikia vizuri si kipimo cha seli zilizojificha kwenye mfupa.

Jambo moja halisemwi vya kutosha: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini liondoe tamoksifeni haraka mno, kiasi kwamba inayobaki kwenye damu ni kidogo sana. Usiache dawa ya kifua kikuu, wala usiache tamoksifeni. Peleka kadi zote mbili kwa daktari siku hiyohiyo. Na anayehamia hospitali nyingine aombe kwa barua si majibu tu, bali pia bloku za nta zenye kinyama chake, kwa sababu vipimo vingi vinaweza kurudiwa juu yake bila kuchomwa tena, na daktari ataweza kulinganisha uvimbe wa kwanza na uliorudi.