Skana ya mkononi au ya mezani: yanayosemwa Bukavu na yaliyo kweli

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kila kitu chenye antena kinachoshikwa mkononi huitwa motorola, hata kama ubavuni kimeandikwa jina lingine kabisa. Redio kubwa ya mezani yenye kipaza sauti, kama ile ya parokia au ya kituo cha afya, ni foni. Ndiyo maana mtu akisikia "skana ya mkononi" anawaza motorola, akisikia "skana ya mezani" anawaza foni, na makosa yote yanayofuata yanaanzia hapo. Skana haina sehemu ya kurusha sauti. Inapitia masafa haraka haraka, ikikuta mtu anaongea inasimama, akinyamaza inaendelea na safari yake. Ni sikio tu.

Mimi ni fundi wa redio. Skana hunijia moja moja, nyingi zimeletwa na ndugu aliye Ulaya au Marekani, na kila moja inakuja na maneno yake.

"Ya mezani ina nguvu, ya mkononi ni ya kuchezea"

Nguvu ni habari ya mtambo unaorusha. Foni ya wati 100 na motorola ya wati 5 hazilingani, hilo ni kweli. Lakini kifaa kinachopokea tu hakina wati za kujivunia, na ukubwa wa sanduku hauongezi usikivu. Mara nyingi mtengenezaji huchukua mtambo uleule akauvalisha nguo mbili. Uniden SDS100 ni ya mkononi, SDS200 ni ya mezani, na teknolojia ya kupokea ni ileile. BCD436HP na BCD536HP ni ndugu wa namna hiyo hiyo, na Whistler nao walitoa TRX-1 na TRX-2.

Wakati mwingine mambo hugeuka kichwa chini. Uniden BC125AT, inayoshikwa mkononi na kula mawe (betri) mawili madogo, inahifadhi chaneli 500. BC355N ya kuwekwa mezani au garini inahifadhi 300, tena bila kukuruhusu kuzipa majina, kwa hiyo unabaki unakariri namba.

Kuna vitu ambavyo ya mezani inavyo kweli: spika inayojaza chumba, vitufe vinavyofaa vidole vya mtu mzima, na uvumilivu wa kuwaka mchana na usiku bila kuwaza betri. SDS200 ina hata tundu la waya wa mtandao. Kama hivyo ndivyo unavyotaka, inunue kwa sababu hizo.

"Nikipata ya mezani nitasikia mbali"

Hapa ndipo wateja wangu wanapopoteza pesa, na Bukavu ni mahali pabaya sana pa kukosea jambo hili, maana mji wetu ni vilima na rasi tu.

Masafa ambayo skana nyingi zinasikiliza, kuanzia yale ya ndege ya megahezi 118 hadi 137, kupanda hadi 174, kisha 400 na zaidi, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Hayapindi mlima. Kuna hesabu fupi ninayowafanyia watu kwa penseli juu ya karatasi ya sigara: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita za upeo wake. Skana uliyoishika kifuani, mita 1.5 kutoka chini, upeo wake kwenye uwanda ni kilomita 5. Weka antena juu ya mti wa mita 10, zinakuwa 13. Sasa panda nyumba iliyo mita 200 juu ya ziwa, simama dirishani na hiyohiyo ya mkononi: kilomita 58 kuelekea upande ulio wazi. Kilima kimeishinda meza.

Upande wa pili nao una upeo wake, na viwili hivyo hujumlishwa. Ndege iliyo mita 10,000 juu ya usawa wa bahari, ukitoa mita 1,460 za Ziwa Kivu, bado ina upeo unaozidi kilomita 300. Kwa hiyo rubani anayepita juu yetu akielekea nchi nyingine utamsikia vizuri kwa antena fupi ya mpira, kifaa kikiwa kiganjani. Lakini anayemjibu kutoka ardhini, akiwa nyuma ya milima, humsikii hata ukiweka mezani skana ya bei ya pikipiki. Watu huniletea kifaa wakidai kimekufa nusu: "Fundi, nasikia mmoja tu anaongea, mwenzake hayupo." Yupo. Mlima umemficha.

Ndiyo maana uwanja wa Kavumu, kilomita kama 30 kaskazini mwa mji, waweza kuwa kimya kwako huku ule wa Kamembe nchini Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi na karibu zaidi, ukiingia wazi. Jirani yako aliye mteremko wa pili akakuambia kinyume chake, na nyote wawili mkawa mnasema kweli. Kabla ya kuuliza ni ya mkononi au ya mezani, uliza dirisha lako linatazama wapi.

"Antena ya nje ni ya skana za mezani, na ikiwa kubwa ndiyo bora"

Makosa mawili kwa pumzi moja. Skana za mkononi karibu zote zina antena inayofunguka. Ukitoa ile ya mpira, ukaunganisha waya unaotoka nje, umeshaibadilisha tabia yote. Angalia tu uzito wa waya: tundu dogo la kuzungusha, kama lile la SDS100, halipendi kuvutwa na waya mnene, litalegea. Tumia kipande kifupi chembamba katikati.

Chini ya mabati antena haifai kitu. Mabati ni ukuta kwa mawimbi, na mtu anayeficha antena yake darini ili majirani wasione ajue kwamba na mawimbi hayaioni.

Waya nao hula. RG-58, ule mwembamba mweusi ambao wengi huupata kwanza, mita 15 zake kwenye megahezi 150 hupoteza kama nusu ya mawimbi, na kwenye 450 hupotea kama theluthi mbili. Waya mnene wa televisheni, RG-6, hupoteza chini ya nusu hata huko juu. Utaambiwa haulingani kwa omu, ni 75 na si 50. Kwa kifaa kinachopokea tu tofauti hiyo haisikiki sikioni. Mimi natumia wa televisheni bila haya.

Sasa ubaya wa antena kubwa. Vilima vyetu vina minara ya redio za FM katikati ya makazi, inayorusha kati ya megahezi 87.5 na 108, mlangoni kabisa pa masafa ya ndege. Skana ndogo ukiipa antena ndefu karibu na mnara kama huo inalewa: unasikia muziki na mahubiri kwenye chaneli ya marubani, au haisikii chochote. Mteja mmoja alipandisha antena mita 4 zaidi ili aponye ugonjwa huo, akauongeza. Dawa ni kichujio cha FM, kijisanduku kidogo kinachowekwa kati ya antena na skana, au kurudi kwenye antena fupi. Baadhi ya skana zina kitufe cha kupunguza mawimbi yanayoingia, na baadhi ya zile za mezani zinastahimili zaidi, ila usiichukulie kuwa sheria.

Na radi. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka Kabare, hapa hapa pembeni yetu, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, mimweko kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Imetanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Antena ya nje bila waya wa kuipeleka ardhini ni mwaliko. Ngurumo ikianza, chomoa waya na uutupe nje ya dirisha, iwe skana ni ya kiganjani au ya mezani. Ile ya mkononi ni mbaya zaidi kwa namna moja: unakuwa umeishika.

"Ya mezani inataka umeme wa ukutani"

Nyingi zinataka volti 12 za moja kwa moja, zilezile za betri ya gari au ya sola. Ninavyoona mimi, huu ni uzuri ambao wauzaji hawautaji.

Nilijifunza kwa moshi. Skana ya kwanza ya mezani niliyoletewa ilitoka Marekani na adapta yake, nami kwa furaha nikaichomeka ukutani. Adapta ilikuwa ya volti 120. Ukuta wetu ni 220. Ilivuma kama nyuki, ikatoa harufu ya plastiki, ikanyamaza. Skana yenyewe ilipona kwa bahati. Tangu hapo nasoma maandishi madogo ya adapta kwa tochi kabla ya kugusa chochote, kisha naiweka kando na kuunga waya wa betri wenye fyuzi, baada ya kuhakikisha chanya iko katikati ya tundu au pembeni.

Usipitishe umeme wa sola kwenye inveta kisha kwenye adapta. Inveta za bei rahisi zinachafua masafa. Utasikia mchakacho ukidhani ni ubovu wa skana. Taa za LED na chaja za simu nazo hufanya hivyo. Jaribu hivi: zima kila kitu ndani ya nyumba, skana ibaki kwenye betri, kisha washa kimoja kimoja. Mwizi utamkamata kwa masikio.

Ya mkononi ina raha yake hapo. Umeme ukikatika haina habari, na unaweza kuizungusha chumba kizima kutafuta pembe isiyo na kelele.

"Ya bei kubwa inafungua kila kitu"

Hapana. Mawasiliano yaliyofungwa kwa siri ya kidijitali hayafunguliwi na skana yoyote inayouzwa dukani. Na kuna mtego mwingine: skana za gharama kutoka Marekani zinakuja na orodha ya masafa ya Marekani. Unaambiwa ingiza namba ya posta, kifaa kijipange chenyewe. Namba ya posta gani, ya mtaa wetu wa Kadutu? Hapa utaingiza masafa kwa mkono, moja moja, na sehemu kubwa ya pesa uliyolipa inalala bila kazi. Kwa anayeanza, ya analogi ya kawaida inamtosha.

"Motorola ya kichina inafanya kazi ileile"

Baofeng UV-5R ya kawaida inatafuta masafa polepole mno, chache tu kwa sekunde, na haipokei sauti za ndege kwa sababu zile ni AM nayo ni FM, namna mbili tofauti za kubeba sauti. Zaidi ya hayo ina kitufe cha kurusha, na mtoto akikigusa umeshaingia kwenye mawasiliano ya watu.

"Kusikiliza tu si kosa"

Polepole hapo. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu. Kanuni za Redio za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ibara ya 17, zinazitaka nchi wanachama zizuie kunasa mawasiliano yasiyokusudiwa watu wote. Tuna sheria ya simu na teknolojia ya habari, namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na tuna mdhibiti, ARPTC, ambaye ndiye wa kuulizwa kabla kifaa hakijapanda ndege. Redio za FM ni za wote, na wapenzi wa redio ya ridhaa huongea wakijua wanasikika. Ila ya askari, ya polisi, ya mashirika, usiyaguse, na usimsimulie mtu ulichokisikia kwa bahati mbaya.

Kisha kuna jambo ambalo halimo kwenye sheria. Mtu anayetembea barabarani na kijisanduku chenye antena kinachotoa sauti za watu, katika mji uliopitia tuliyoyapitia, hataulizwa kama ni skana au motorola. Ataulizwa anaongea na nani. Kwa sababu hiyo pekee, ya mkononi hapa kwetu ni kifaa cha ndani ya nyumba, sawasawa na ya mezani. Kile kinachoifanya ya mkononi ipendwe kwingine, kwamba unatembea nayo, sisi hatuna matumizi nacho.

Mzee mmoja wa Nguba alinijia akitaka ya mezani, kwa kuwa masikio yake yamechoka na anapenda kufuatilia ndege zinazopita usiku. Ndugu yake alikuwa ameshamletea ya mkononi. "Fundi, hii ni ya watoto," aliniambia. Nikamwambia, "Mzee, tupe jioni moja." Nikakata waya wa shaba sentimita 57, kiasi kinachofaa masafa ya ndege, nikauchomelea juu ya soketi, na chini yake nyaya nne za urefu uleule zilizoinama kama mbavu za mwavuli. Tukaufunga nje ya dirisha linalotazama ziwa, tukashusha mita 4 za waya wa televisheni hadi ndani. Kwenye tundu la masikioni nikaunga spika ya redio yake ya kaseti iliyokufa zamani.

Saa tatu na dakika kadhaa rubani alitaja kimo chake, sauti ikajaza sebule, na mama wa nyumba akatoka jikoni kuuliza mgeni ni nani. Kile kifaa hakijaondoka pale kando ya kitambaa cha meza. Mzee mwenyewe siku hizi anakiita skana yake ya mezani.