Kuchomelea Bodi ya Land Rover ya Zamani: Dhana Potofu na Ukweli

“Moto mkali ndio unaoshika.” Dhana hii nimeiona ikimaliza magari ambayo kutu ilikuwa bado haijayamaliza. Bati la chuma la bodi lina unene wa milimita moja hivi, na joto likiingia halina pa kwenda. Fundi akivuta mshono mmoja mrefu, bati linatoboka, au hutanuka, kisha likipoa hujikaza na kubaki na mawimbi ambayo hata puti ya kujazia mabonde haiyafichi.

Bati jembamba huchomelewa kwa nukta. Piga moja ncha hii, nyingine ncha ile, ya tatu katikati. Subiri lipoe hadi uweze kuligusa kwa mkono, kisha rudi ujaze nafasi zilizobaki. Penye tundu, shikiza kipande cha shaba kwa nyuma: kinanyonya joto, na chuma kilichoyeyuka hakinati juu yake. Kiraka kidogo cha sakafuni kinaweza kukuchukua asubuhi nzima. Mwenye gari aambiwe hivyo mapema, asije akakuharakisha.

“Fimbo za kuchomelea geti zinatosha.” Fimbo ya milimita 2.5 inataka umeme mwingi kuliko bati hili linavyohimili. Mashine ya waya, yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya argoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi, ndiyo inayokupa moto mdogo unaotawalika.

“Kiraka kinene ni imara zaidi.” Joto la kuyeyusha bati la milimita 2 linalitafuna lile jembamba la pembeni, na nyufa huanzia hapo hapo gari likikutana na barabara ya makorongo. Unene ulingane.

“Kutu ikifunikwa imekufa.” Inaendelea kula chini ya kiraka, kwa sababu umeifungia na unyevu wake. Kata hadi chuma cheupe. Ukimaliza, kumbuka upande wa ndani, ambako rangi imeungua: bila rangi ya kuzuia kutu au nta, kutu itaanzia nyuma ya mshono wako.

“Land Rover ni chuma kitupu.” Tangu 1948 sehemu kubwa ya bodi yake ilikuwa aloi ya alumini, maana Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, na ukuta unaotenganisha injini na abiria ndivyo vya chuma. Beba sumaku: isiponasa, usitumie waya wa chuma. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi bila hata kubadilika rangi kukuonya. Na pale inapogusana na chuma, hasa kwenye hewa ya chumvi kama ya Tanga au Mombasa, huliwa na kuwa unga mweupe.

“Kunywa maziwa, sumu itatoka.” Vijana wengi wanalelewa na neno hili gereji, na linaniuma. Moshi wa bati lenye zinki unaingia mapafuni. Maziwa yanakwenda tumboni. Saa chache baadaye mtu anatetemeka kwa homa na kudhani ni malaria. Kwangua zinki kwanza, fanya kazi penye hewa, vaa barakoa ya kuchuja moshi.

“Tangi likiwa tupu halina hatari.” Mvuke wa petroli uliobaki ndani ndio unaolipuka. Chomoa betri, ng'oa tangi, lipeleke mbali na banda, ndipo uwashe mashine.